Kazi ya kusimamia kiwanda cha bayodizeli: kila kilo iwe na hesabu yake

Kila asubuhi msimamizi wa uzalishaji katika kiwanda cha bayodizeli (dizeli itokanayo na mafuta ya mimea au ya wanyama) hukuta swali lilelile mezani: mafuta ghafi yaliyoingia jana yameishia wapi? Akiweza kulijibu kwa kilo, si kwa makisio, kiwanda kiko mikononi mwake. Asipoweza, kuna kitu kinavuja, kinageuka sabuni, kinaondoka na maji machafu au kinapimwa vibaya, na hasara hiyo itajitokeza kwenye vitabu vya fedha wiki kadhaa baadaye, chanzo chake kikiwa kimeshasahaulika. Mwongozo huu ni wa mtu anayeitaka kazi hii au aliyekabidhiwa juzi. Tumeujenga juu ya bayodizeli kwa sababu makosa yake yanaonekana kwa macho na yanapimika kwa vifaa vya kawaida. Ethanoli na bayogesi tumezigusa kwa ufupi, pale zinapoachana nayo.

Hesabu ya uzani kwanza

Chukua kilo 10,000 za mafuta ya mimea yaliyosafishwa. Kikemia, kila molekuli ya mafuta hudai molekuli tatu za methanoli, aina ya alkoholi, na hizo ni takriban kilo 1,090. Yakibadilika yote, utapata bayodizeli takriban kilo 10,045 na glisarini, kimiminika kizito ambacho ni zao la pili, takriban kilo 1,045. Ziandike namba hizi ubaoni katika chumba cha kuendeshea mitambo. Kila bechi, yaani kila mkupuo wa uzalishaji, ipimwe dhidi yake.

Kiwandani hata hivyo huweki kilo 1,090 tu. Mmenyuko huu, yaani badiliko hili la kikemia, unaweza kurudi nyuma, kwa hiyo methanoli huwekwa mara mbili ya hiyo, karibu kilo 2,180, ili kuusukuma mbele. Ile ziada hutoka na glisarini kwa sehemu kubwa na inayobaki hutoka na bayodizeli, na yote inatakiwa ivukizwe, ipozwe na kurudishwa tangini. Maana yake ni hii: methanoli mpya unayonunua kwa kila kilo 10,000 za mafuta inapaswa kukaribia 1,100. Ukiona unanunua 1,300, karibu kilo 200 zinapotea kila mara. Kagua kwanza kondensa, kifaa kinachopoza mvuke uwe kimiminika (maji yake ya kupozea yana joto gani leo?), kisha vali za kupumulia za matangi, kisha glisarini inayopakiwa ikiwa bado na methanoli ndani, kisha maji ya kuoshea.

Upotevu mwingine ni wa uongo. Bayodizeli hutanuka kwa takriban asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lita 20,000 zilizopimwa zikiwa na nyuzi 50 zitakuwa zimepungua kwa lita 550 hivi zikishapoa hadi nyuzi 15. Wafanyakazi wamewahi kutuhumiana wizi kwa sababu ya namba kama hizo, na hakuna aliyeiba. Pima kwa uzani, au sahihisha kila ujazo kwenda nyuzi 15 kabla ya kulinganisha chochote.

Malighafi: hapa ndipo pesa ilipo

Mafuta ghafi hula sehemu kubwa kuliko zote ya gharama za kiwanda, mara nyingi robo tatu au zaidi. Msimamizi anayekubali lori kabla ya majibu ya maabara ameshaamua matokeo ya bechi bila kujua. Vipimo vitatu visipite getini bila kusomwa: asidi huru, maji, na uchafu.

Asidi huru, yaani asidi ya mafuta iliyojitenga na molekuli yake, hupimwa kwa titresheni (kudondosha alkali mpaka asidi yote iishe) ambayo fundi wa zamu anaweza kuifanya kwa dakika tano. Yeyusha gramu 1 ya sodiamu haidroksaidi katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za alkoholi ya isopropili, tia matone mawili ya fenolftalini, kisha dondosha ile suluhu mpaka rangi ya waridi idumu kwa sekunde 15 au zaidi. Fanya kwanza jaribio tupu, yaani alkoholi bila mafuta, na ukiondoe kiasi hicho kwenye jibu, kwa kuwa alkoholi ya dukani mara nyingi ina asidi yake kidogo. Ukitumia mililita 1.3, mafuta yana takriban asilimia 1 ya asidi huru. Tena jibu lako linakupa moja kwa moja gramu za ziada za kichocheo (alkali inayoharakisha mmenyuko, hapa sodiamu haidroksaidi) kwa kila lita ya mafuta: mililita 1.3 ni gramu 1.3.

Asilimia 1 ni kiasi gani cha hasara? Katika kilo 10,000 ni kilo 100 za asidi. Zikikutana na kichocheo zitameza kilo 14 za sodiamu haidroksaidi na kuwa kilo 108 hivi za sabuni. Sabuni hiyo haiondoki peke yake, huondoka imekumbatia mafuta mazima na bayodizeli iliyokwisha kutengenezwa. Ndiyo maana viwanda vinavyotumia kichocheo cha alkali hupendelea mafuta yenye asidi huru chini ya asilimia 0.5, na yakivuka asilimia 2 hivi yanahitaji kutibiwa kwanza.

Tiba yake ni kuigeuza asidi hiyo iwe bayodizeli kwa kutumia asidi ya salfuriki. Kipimo kinachofanya kazi ni gramu 2.25 za methanoli na gramu 0.05 za asidi ya salfuriki kwa kila gramu ya asidi huru, kwa saa moja, kwenye nyuzi 60 hivi. Mafuta yaliyotumika kukaangia yenye asilimia 10, kilo 10,000, yatadai methanoli kilo 2,250 na asidi ya salfuriki kilo 50. Hapa watu wengi wanasahau jambo moja: mmenyuko huo huzalisha maji, karibu kilo 64 kwa mfano huu, na maji hayo yakiingia hatua inayofuata yanaharibu kazi yote. Acha mchanganyiko utulie, toa tabaka la methanoli na maji lililoelea juu, kausha, kisha pima tena asidi. Ikiwa bado iko juu ya asilimia 1, rudia.

Maji yawe chini ya asilimia 0.05, yaani kilo 5 tu katika kilo 10,000. Maji huvunja esta (molekuli za mafuta na za bayodizeli) kuwa asidi, asidi inakuwa sabuni, na mzunguko unaendelea. Mafuta ya kukaangia huja na maji yaliyofichwa chini ya tangi, kwa hiyo sampuli ichukuliwe juu, katikati na chini. Sampuli ya juu pekee humfurahisha muuzaji tu.

Uchafu una sura nyingi. Mafuta ghafi ya mbegu yana fosforasi itokanayo na utomvu, ambayo hutolewa kwa maji moto au asidi ya fosforiki, la sivyo kutenganisha kunakuwa kwa shida na bayodizeli inavuka kikomo. Mafuta ya wanyama huleta salfa na mara nyingine chembe za plastiki zilizoyeyuka ambazo huziba chujio zikipoa. Mkataba wa ununuzi utaje vikomo vya yote haya na punguzo la bei kwa kila sehemu inayozidi. Kukataa lori ni haki yako, ila iandikwe kabla lori halijafika.

Ndani ya riakta, tangi la mmenyuko

Andaa kichocheo kando. Sodiamu haidroksaidi hutiwa kidogo kidogo ndani ya methanoli iliyopozwa huku ikikorogwa, kwa sababu joto hupanda haraka na methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7. Kiasi cha msingi ni asilimia 0.5 ya uzani wa mafuta, yaani kilo 50 kwa kilo 10,000, ukijumlisha kile kilichotoka kwenye titresheni. Ukitumia potasiamu haidroksaidi, zidisha kwa 1.4 kabla ya kusahihisha usafi wake. Viwanda vikubwa hununua sodiamu methoksaidi iliyokwisha kuyeyushwa katika methanoli. Ni ghali zaidi, lakini haizalishi maji inapoandaliwa, na kwa maoni yetu inajilipa upesi mahali ambapo sabuni imekuwa tatizo sugu.

Pasha mafuta hadi nyuzi 60, usivuke. Kisha gawa kazi mara mbili: ingiza asilimia 80 ya methanoli yenye kichocheo, koroga kwa saa moja, acha glisarini itulie na uitoe kwa chini, halafu ingiza asilimia 20 iliyobaki na kukoroga tena. Kuondoa glisarini katikati kunauvuta mmenyuko mbele bila kuongeza methanoli. Kiwanda kinachofanya hatua moja kwa haraka hulipa baadaye maabara inapokuta monoglisaridi nyingi, yaani mafuta yaliyobadilika nusunusu.

Kabla ya kutoa bechi, fanya jaribio la 3 kwa 27. Chukua mililita 3 za bayodizeli, zitie katika mililita 27 za methanoli safi kwenye joto la nyuzi 20 hivi, tikisa, subiri dakika 10. Yakibaki matone chini ya chupa, kuna mafuta ambayo hayakubadilika, rudisha bechi. Chupa ikiwa safi, endelea. Jaribio hili halichukui nafasi ya kromatografia, kipimo kamili cha maabara, bali linakuokoa na aibu ya kuijaza meli au lori kwa bidhaa mbovu.

Bechi isipotengana kuna sababu chache tu. Uji mzito wa rangi ya krimu ni sabuni nyingi, asili yake asidi au maji kwenye malighafi. Glisarini kidogo mno chini ni kichocheo pungufu, au kichocheo kilichofyonza unyevu na hewa ukaa kwa kuachwa wazi. Ikiwa titresheni ilikuwa sahihi na bechi imekataa, pima kwanza ubora wa kichocheo na maji ndani ya methanoli iliyorejeshwa. Methanoli safi ina msongamano wa takriban 0.79 kwenye nyuzi 20, na haidromita itakuonyesha mapema maji yakianza kuingia.

Kuosha, kukausha, kuhifadhi

Vukiza methanoli kwanza, kisha osha. Maji yawe ya uvuguvugu wa nyuzi 50 hadi 60, na mwosho wa kwanza uwe wa kunyunyiza taratibu bila kukoroga. Ukikoroga kwa nguvu wakati sabuni bado ipo, utapata mchanganyiko mweupe kama mtindi usioachana. Ukishatokea, pasha joto, tia chumvi au asidi hafifu kidogo, na uupe muda. Viwanda vingine havitumii maji kabisa, vinapitisha bayodizeli kwenye nguzo zenye resini au magnesiamu silikati. Njia hiyo haina maji machafu ya kutupa, lakini resini huchoka, kwa hiyo sabuni ipimwe kabla na baada ya nguzo kila zamu.

Baada ya kukausha, bidhaa ing'ae. Ukungu kwenye joto la kawaida la chumba ni maji, au ni esta za mafuta yanayoganda mapema kama ya mawese na ya wanyama. Tangini usitumie shaba, shaba nyeupe, zinki, risasi wala bati, kwa kuwa huharakisha kuoza kwa bayodizeli. Chuma cha pua, chuma cha kaboni na alumini vinafaa. Gasketi na mipira ya kawaida hulainika na kuvimba, kwa hiyo ibadilishwe kwa ile ya flurokaboni au teflon. Toa maji chini ya tangi mara kwa mara, maana bakteria na kuvu huishi pale yanapokutana na mafuta, nao huziba chujio za mteja. Bidhaa isiyotiwa kizuia-uoksidishaji isikae zaidi ya miezi sita bila kupimwa upya.

Vikomo vya kukariri, kwa kiwango cha Ulaya cha EN 14214: esta asilimia 96.5 au zaidi, maji miligramu 500 kwa kilo, thamani ya asidi 0.50 (miligramu za potasiamu haidroksaidi kwa gramu), methanoli asilimia 0.20, glisarini huru asilimia 0.02 na jumla ya glisarini 0.25, fosforasi miligramu 4 kwa kilo, sodiamu na potasiamu kwa pamoja miligramu 5, uthabiti dhidi ya uoksidishaji saa 8 kwenye nyuzi 110. Kiwango cha Marekani, ASTM D6751, kinafanana kwa mengi, ila kinaridhika na uthabiti wa saa 3 na kina jaribio lake la kupoza na kuchuja. Namba mbili zikisomwa pamoja husema jambo: jumla ya glisarini juu na glisarini huru chini ni mmenyuko ambao haukukamilika, glisarini huru juu ni kutenganisha au kuosha vibaya. Usimlaumu fundi wa riakta kwa kosa la mwoshaji.

Methanoli haisamehe

Mvuke wake huwaka ukiwa asilimia 6 hadi 36 ya hewa, na kimiminika chenyewe hutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi 11 tu. Moto wake mchana hauonekani vizuri, kwa hiyo mtu anaweza kuuingia bila kujua. Hupenya ngozi na huharibu mishipa ya macho. Kwa sababu hizo matangi yawekewe blanketi la nitrojeni, vifaa vyote viunganishwe na ardhi dhidi ya umeme tuli, vihisi vya gesi viwekwe karibu na sakafu na pampu, na povu la kuzimia moto liwe la aina inayostahimili alkoholi. Povu la kawaida huyeyuka juu yake.

Asiingie mtu tangini bila kibali cha maandishi, kipimo cha hewa na mtu wa kusubiri nje. Nitrojeni haina harufu wala onyo. Matambara yaliyolowa mafuta yawekwe kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, kwani hujipasha joto yenyewe na kuwaka usiku wakati hakuna mtu. Na pale kichocheo kinapoandaliwa, usiweke chochote cha alumini wala zinki: alkali hukila na kutoa haidrojeni.

Zamu na karatasi

Makabidhiano ya zamu yafanyike wakuu wote wawili wakitembea pamoja, kutoka tangi la malighafi hadi mahali pa kupakilia, si kwa kusaini daftari mezani. Kila vali iliyofungwa kwa sababu maalumu iwe na lebo. Pima kina cha kila tangi saa ileile kila siku, na funga hesabu ya uzani kila siku. Tofauti ndogo itokanayo na vipimo inavumilika. Tofauti inayokwenda upande mmoja siku tano mfululizo haivumiliki hata ikiwa ndogo, kwani hiyo ni tabia na ina mwenyewe.

Karatasi za uendelevu nazo ni kazi yako. Wanunuzi wa Ulaya hudai cheti, kwa mfano cha ISCC (mfumo wa kimataifa wa vyeti vya uendelevu), kinachofuatilia malighafi kutoka chanzo chake kwa mizania ya uzani, na kwa viwanda vilivyoanza kuzalisha tangu 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya inadai punguzo la gesi joto la angalau asilimia 65 ikilinganishwa na mafuta ya petroli na dizeli. Mafuta ya kukaangia yana motisha kubwa ya bei, na kwa hiyo yana kishawishi kikubwa cha udanganyifu. Mkusanyaji anayeleta kiasi kilekile kila mwezi, bila kupanda wala kushuka, atembelewe.

Ethanoli na bayogesi, kwa ufupi

Katika ethanoli, alkoholi ambayo hamira huitengeneza kutokana na sukari, unasimamia viumbe hai. Gramu 1 ya glukosi haiwezi kutoa zaidi ya gramu 0.51 za ethanoli, na hiyo ndiyo hesabu yako ya ubaoni. Wanga huyeyushwa kwa kimeng'enya kwenye nyuzi 85 hadi 90, kisha hamira hufanya kazi kwenye nyuzi 30 hadi 35. Adui ni bakteria: asidi ya laktiki ikikaribia asilimia 0.8 au asidi ya asetiki asilimia 0.05, hamira inalemewa. Kwa kawaida chanzo ni kona ya bomba isiyopitiwa na dawa ya kusafishia. Kunereka hukwama kwenye asilimia 95.6 kwa uzani, na maji yanayosalia huondolewa kwa zeolaiti, madini yanayofyonza maji.

Katika bayogesi, haraka ndiyo inayoua mtambo. Vijidudu vya methani hukua polepole kuliko vile vinavyozalisha asidi, kwa hiyo ukilisha kupita kiasi asidi hulimbikizana. Fuatilia uwiano wa asidi tete kwa alkali: ukivuka 0.4, punguza lishe siku hiyohiyo. Usisubiri pH ishuke, kwa kuwa pH husogea mwisho, uharibifu ukiwa umeshatokea. Salfaidi ya haidrojeni, gesi ya sumu iliyomo ndani ya bayogesi, nayo huua uwezo wa kunusa ikifikia karibu sehemu 100 kwa milioni, basi kukosa harufu kusichukuliwe kuwa usalama.

Kuingia kwenye kazi

Njia ya kawaida ni shahada au diploma ya uhandisi kemikali, kemia, au ufundi wa mitambo, kisha miaka kadhaa kama mwendeshaji, mkuu wa zamu na mhandisi wa uzalishaji. Aliyepitia maabara huwa msimamizi mwenye jicho kali kwa malighafi. Aliyepitia karakana huijua sauti ya pampu inayokaribia kufa. Ukitoka upande mmoja, tumia miezi mitatu upande wa pili kabla hujaomba nafasi. Jifunze kusoma michoro ya mabomba na vifaa vya kupimia, kuongoza kikao cha uchambuzi wa hatari, na kutengeneza jedwali la uzani kutoka karatasi tupu. Kwenye usaili, omba kuonyeshwa data za mwezi mmoja za kiwanda na useme kilo zinapotelea wapi. Hakuna cheti kinachoshinda hilo.

Ukishakabidhiwa, wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Tembea na kila zamu, ya usiku ikiwemo. Wiki ya pili, hakikisha mizani, mita za mtiririko na vipimajoto, kwa sababu namba zote utakazoamua nazo hutoka huko. Wiki ya tatu funga hesabu yako mwenyewe ya uzani kwa siku saba, bila kutumia ile ya mtangulizi. Ya nne, chagua tofauti kubwa kuliko zote uliyoikuta, moja tu, na uifuate bomba kwa bomba mpaka inapotokea.